Mungu Aliyekwama Mlangoni

Mimi ni seremala, binti wa seremala, na sipendi kusingiziwa. Wapo wanaosema ule mkokoteni niliuharibu makusudi. Waongo wakubwa hao.

Sisi Waebrania tuliletwa mji ule mateka, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Baba akafungua karakana nyuma ya soko, chumba kimoja chenye randa mbili na vumbi la mbao mpaka kwenye uji. Kazi aliiweza. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Neno la Mungu likimjia, hangoji wateja waondoke. Siku moja alikuwa akimtengenezea kiti kuhani mkuu wa wenyeji, yule tuliyemwita Kitambi. Msumari ukiwa nusu, akamwambia: "Huyo mungu wenu mtakuja kumbeba kama gunia, na hatawasaidia hata kusukuma. Mmevunja miji ya watu vya kutosha. Mungu wa mbinguni ameshauhukumu mji huu."

"Baba jamani," nikasema, "si ungemaliza kwanza kiti?"

Wakamtia gerezani. Mwezi haujaisha, habari zikaja kwamba jeshi la kaskazini liko safari ya siku tatu. Wenyeji wakahaha. Wakaamua kumhamishia mungu wao kwenye ngome ya mlimani, na Kitambi akaja karakana akihema.

"Fundi, tutengenezee mkokoteni. Mungu wetu akifika salama, baba yako ananyongwa mbele yake, watu wajue nani mwongo. Ukikataa, ananyongwa leo."

"Sawa, mkuu. Nije nimpime."

Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mungu wetu hapimwi! Kamba ikimgusa ni kufuru. Vipimo vyake viko nguzoni tangu siku alipochongwa."

Ni kweli vilikuwepo. Lakini tangu siku hiyo, kila taifa lililotekwa, dhahabu yake iliyeyushwa akavishwa yeye. Tabaka la mwisho, nene kama kidole, lilitoka nyumba ya Mungu wetu. Nikamwambia Kitambi kwamba mtu anayekula namna hiyo hunenepa. Akaniambia nifunge bakuli langu.

Nikalifunga. Kwa siku mbili nilipiga randa huku nalia, maana kila gurudumu nililolinyoosha lilikuwa linampeleka baba kitanzini. Kazi mbovu wangeigundua, na angekufa papo hapo. Basi nikafanya kazi nzuri, nikamwachia Mungu yaliyobaki.

Siku ya tatu asubuhi nikasimama nje ya hekalu na kamba yangu kiunoni. Makuhani ishirini walimlaza mungu wao mkokotenini, wakawa wanamsukuma kwa nyuma wakiimba. Magurudumu yangu hayakulia hata kidogo. Kichwa kikapita. Shingo ikapita. Mabega yakafika mlangoni, yakasema *krrr*, yakagoma.

"Sukumeni!" Kitambi alifoka kutoka ndani.

Walivyosukuma ndivyo alivyozidi kujibana. Mlango ulikuwa huo mmoja tu, na sasa ulikuwa umezibwa.

"Mkwangueni basi!" nikapaza sauti.

"Kufuru!"

Tarumbeta zikalia upande wa lango la mji. Jeshi la kaskazini liliingia bila kupigana, walinzi wakatupa mikuki wakatimua mbio, na kabla jua halijawa kali, mpiga mbiu alikuwa anatangaza kwamba mateka wote wako huru. Furaha ilinipanda kichwani nikakimbilia gerezani bila viatu. Nilimkuta baba amesimama mlangoni, pingu inaning'inia mkono mmoja. Tukarudi hekaluni tumeshikana, tukiimba kwa sauti mbaya kabisa.

"Fundi!" Kitambi aliita kutoka nyuma ya mungu wake. "Fundi, dada yangu, tutoe humu!"

Nikaifungua kamba kiunoni. "Ngoja kwanza nimpime."

"Mpime, mama yangu! Mpime!"

Nikampima bega kwa bega, kisha nikaupima mlango, taratibu, bila haraka yoyote.

"Kazidi kiasi gani?" baba akauliza.

"Kidole kimoja."

Akalipapasa lile tabaka la juu, akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka.

"Ni ile yetu, mama," akasema. "Wasingetuibia, angepita."