Wageni wa Kifua cha Mihayo

Usiku wa kuamkia leo niliota kifua cha mume wangu kina mlango, na mlango una kengele.

Mume wangu anaitwa Mihayo. Ni fundi wa kuezeka hapa Tabora. Ujana wake wote aliumalizia juu ya mapaa, akikata mabati ya asbesto kwa msumeno. Jioni alirudi mweupe kichwa mpaka miguu, watoto wakamwita Baba Unga, naye akafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba lile vumbi lina madhara.

Mwaka huu akaanza kuishiwa pumzi. Hospitali walimtoa maji kifuani, wakachukua kinyama kidogo wakapime, na Daktari Pendaeli akatutajia ugonjwa wenyewe: mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Kwa hali yake, alisema, hawatampasua. Lakini zipo dawa, na ipo mionzi. Alitueleza kwa upole, na mume wangu akajibu kwa upole kwamba atafikiri.

Tulipofika nyumbani akasema ameshafikiri.

"Siendi kuchomwa kama mhogo, Mama Kabula."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Kisha nikalala nimemgeuzia mgongo. Ndipo nikajikuta mbele ya ule mlango.

Nabonyeza kengele. Kinafungua kijitu chembamba kama uzi, kimevaa nguo za kulalia.

"Nani?"

"Mke wa mwenye nyumba."

"Tulikuwa tumelala," kinasema. "Tuliingia zamani, tukitokea kwenye msumeno. Tukaona pametulia."

Naingia. Ndani ni sebule. Ukutani kuna pazia ambalo lilipaswa kuwa laini kama ngozi ya kitunguu, lakini hao wageni wamelishona tabaka juu ya tabaka mpaka limekuwa zito kama godoro. Nauliza nani kawaruhusu kushona. Wananitazama kana kwamba mimi ndiye sina adabu.

Nyuma yangu mtu anakohoa. Ni bwana mrefu mwenye suti ya rangi ya fedha.

"Naitwa Platini," anasema. "Madini yangu watu huvaa kwenye pete. Mimi nilichagua kuwa dawa. Huyu mwenzangu pia ni dawa, ila hapendi maongezi."

Mwenzake anainamisha kichwa.

"Basi ingieni, muwatoe," nasema.

"Hatuwezi kuingia kabla ya mashangazi."

Sebule inakuwa jiko la shughuli, lenye mafiga na masufuria makubwa. Mashangazi wawili wanamenya vitunguu. Mmoja anaitwa Shangazi Foliki, mwingine Shangazi B Kumi na Mbili. Wote ni vitamini, na wote wamefunga kanga kiunoni.

"Sisi tunatangulia wiki nzima, mwanangu," anasema Shangazi Foliki. "Tunaiandaa damu. Hawa wababe wakiingia bila sisi, wanavunja vyombo vyote."

"Na maji," anaongeza Platini. "Nikipita bila maji naumiza figo."

"Maji kiasi gani?"

"Mengi."

Jiko linakuwa Bwawa la Igombe. Katikati ya bwawa Mihayo amekaa kwenye kiti cha plastiki, maji yamemfika kifuani, ameshika kikombe. Anachota, anakunywa, anachota tena.

"Baba Kabula, unafanya nini?"

"Nimeambiwa ninywe maji."

"Bwawa zima?"

"Hawakusema niishie wapi."

Ng'ambo ya bwawa wameketi askari wengi, wote wamefungwa vitambaa machoni. Namuuliza Platini hao ni akina nani.

"Ni walinzi wa mwili wa mumeo. Uvimbe umewafunga macho, kwa hiyo wanadhani hakuna adui. Lakini kuna dawa nyingine, si ya jamii yetu, inayowafungua."

Dawa yenyewe inapita na mkasi mdogo, ikikata kitambaa kimoja kimoja. Askari wanaamka kwa furaha kubwa. Wanasalimiana, wanakumbatiana, wanavuka maji na kuanza kuwakung'uta wale wageni wembamba. Mmoja anamkung'uta Mihayo tumboni.

"Siye huyo!" napiga kelele.

"Samahani, mama," anasema na kupiga saluti. "Tukishafunguliwa tunachangamka kupita kiasi. Ukiona anaharisha, au mwili unamwasha, au anazidi kukosa pumzi, usisubiri. Mwambie daktari siku hiyo hiyo."

Namgeukia Platini. Swali hili nilitaka kumuuliza Daktari Pendaeli, nikaogopa.

"Mtawatoa wote?"

Platini anavua kofia. Kichwa chake hakina unywele hata mmoja.

"Sidanganyi watu ndotoni. Huenda wasitoke wote. Tutawapunguza, tutawatuliza. Anaweza kupata pumzi, na muda."

"Muda wa nini?"

Mihayo anajibu mwenyewe kutoka bwawani, "Wa kumwoza Kabula."

Hajawahi kunitamkia hilo tukiwa macho. Binti yetu Kabula amechumbiwa, na tangu ugonjwa uingie nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja harusi.

Sasa maji yamekauka na tuko harusini. Ngoma zinalia. Mashangazi wanapiga vigelegele, askari wanacheza kwa mstari, Platini anacheza kwa kujikaza kama mlango wenye kutu. Kabula ana maua kichwani. Nami nacheza, magoti hayaniumi. Mihayo anapewa sahani ya pilau.

"Mama Kabula," ananinong'oneza, "hili pilau linanitazama vibaya."

"Ni mimi huyo," anakiri Platini. "Nasababisha kichefuchefu. Ipo dawa yake, apewe kabla sijaingia."

Kidonge kinaruka kutoka kwenye bakuli la kachumbari, kinaingia mdomoni mwa Mihayo. Pilau linaomba radhi. Anakula, anaongeza.

Kisha anashika mbavu za kulia, pale panapomuuma kila siku. Ngoma zinanyamaza.

Anaingia mama mfupi, mnene, na futi ya fundi cherehani shingoni. Anaitwa Mama Mionzi. Anampima Mihayo mbavu, mara mbili kwa uangalifu.

"Panapouma ni hapa tu?"

"Hapa."

"Vizuri. Mimi siingii kifua kizima, kuna moyo humo na kuna pafu. Nachagua pahali nikapoze maumivu."

"Utamchoma kama mhogo?" nauliza.

Anakasirika kweli.

"Mhogo? Nikipita hata hatajua. Baadaye anaweza kuchoka, na ngozi ikawa nyekundu kidogo. Basi. Nina sharti moja: asitikisike."

Papo hapo hakuna kinachotikisika. Mpishi amesimama na upawa hewani. Mchuzi umesimama kati ya upawa na sahani. Kuku amesimama angani, bawa moja juu. Mimi peke yangu ndiye ninayetetemeka.

"Wewe, toka," anasema Mama Mionzi. "Humu anabaki mgonjwa peke yake."

Mlango mzito wa chuma unafungwa. Nimebaki ukumbini na mashangazi, na hatuna la kufanya ila kungoja. Kisha namsikia Mihayo ndani, "Aah!"

Naupiga mlango kwa ngumi zote mbili. Nalia, namwita jina lake, jina ambalo sijalitumia tangu tupate watoto.

Nikaamka nikiupiga mto.

Kulikuwa kumekucha. Mihayo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja juu ya goti, anausugua.

"Mama Kabula," alisema bila kunitazama, "yule mama mfupi ana kilo ngapi?"

"Mama yupi?"

"Aliyekufukuza. Amenikanyaga wakati anakwenda kukufungulia."

Nilisogea nikaangalia. Juu ya mguu wake, karibu na kidole gumba, palikuwa na alama nyekundu, duara, ya kisigino cha kiatu cha kike.

"Na kifuani?" nikamuuliza. "Ulisikia moto?"

"Kifuani sikusikia kitu. Ni mguu tu."

Akaushusha mguu sakafuni polepole, akaujaribu, akasimama.

"Mpigie daktari. Mwambie Alhamisi tunakwenda," alisema. "Yule mama nina neno naye. Awe anavua viatu."