Asante ya Kwenye Maiki

"Nani alikutuma unitaje?" Mama Ronny alikuwa ameuliza hivyo mara tatu, na mara zote Mwalimu Christabel alijibu kwamba alikuwa akishukuru tu. Kwao mtu akikusaidia, unamtaja mbele za watu.

"Kwenu," Mama Ronny akasema. "Hapa ni Nyamache."

Walikuwa kwenye bomba la ploti yetu, nami nafua. Sikuwa nawasikiliza kwa ubaya, ila ndoo yangu ilikuwa imejaa kitambo na bado sikuwa nimefunga maji.

Wacha niwaeleze. Christabel ni Mkatoliki wa kando ya ziwa, anafundisha shule ya hapo juu ya soko. Muhula huu alitunga mchezo mzima wa kuimba, wa wachumaji majani chai, watoto ishirini, na kufundisha sauti hajui. Anayejua ni Mama Ronny, ambaye ameongoza kwaya ya Wasabato hapa miaka kumi na moja. Sasa, siku ambayo watoto walipatikana ni Jumamosi peke yake, na Jumamosi ni Sabato, siku ambayo Msabato hagusi kazi. Basi Mama Ronny akawa anatoka kanisani mchana, anaaga kwamba anaenda kuona wagonjwa, halafu anaingia sebuleni kwangu. Tunafunga madirisha, watoto wanaimba kwa sauti ya chini, wamebanana vitini mpaka viti vyangu vikalegea miguu. Ploti nzima ilijua. Ploti nzima ilinyamaza, hata mimi, na wanaonijua wanajua hiyo si kazi ndogo.

Ijumaa ikawa siku ya wazazi. Mchezo ulitoka vizuri, watu wakasimama kupiga makofi. Kisha Christabel akashika maiki. Akamshukuru mwalimu mkuu, akamshukuru fundi wa nguo, akamshukuru "Mama Ronny, aliyetuachia kila Jumamosi yake mchana akatufundisha sauti." Niliona shingo ya Mama Ronny ikikakamaa. Chai ya wageni haijaisha, video ilikuwa imefika kwenye grupu ya kanisa.

Sasa ilikuwa Jumapili, na wazee wa kanisa walikuwa wamemwita saa tisa. Makambi, ile mikutano mikubwa ya Wasabato ya kila mwaka, yalikuwa yamebaki wiki mbili. Huyo mama mwaka mzima huishi akingoja makambi, kwaya zije kutoka Marani mpaka Nyamira, na yeye mbele ya yake. Wakimsimamisha, atayasikilizia kwenye benchi la nyuma.

"Utakuja na mimi," alimwambia Christabel. "Utasema ulikosea siku. Ilikuwa Jumapili."

"Nidanganye wazee wa kanisa?"

"Ukweli uliujua kwenye maiki. Sasa jua kudanganya kwa mdomo mtupu."

Hapo Christabel naye akawaka. Alisema hakumvuta mtu kwa kamba, na kama ni kudanganya wazee, kuna mtu aliyeanza kitambo, wakati yeye mwalimu bado anapanga viti. Mama Ronny akaimwaga ndoo yake yote chini, maji yakamfikia mwalimu viatuni.

Lakini saa tisa ikikaribia walitoka pamoja. Nikawafuata, kwa kuwa sebule ilikuwa yangu na huenda wangetaka shahidi. Hakuna aliyeniita.

Kanisani, Mzee Machogu, aliyeongoza kikao cha wazee, aliuliza taratibu. Christabel akasimama, akasema alijichanganya, mazoezi yalikuwa Jumapili. Jumapili saa ngapi? Baada ya misa. Misa yao inaisha saa ngapi? Akataja saa. Mzee akasema Jumapili mbili zilizopita alimkuta sokoni saa hiyo hiyo, akinunua ndizi, wakasalimiana. Christabel akaanza kueleza zile ndizi. Jasho lilikuwa likimtoka puani.

"Keti, Mwalimu," Mama Ronny akasema. "Ilikuwa Jumamosi. Zote nane. Niliwaambia naenda kwa wagonjwa, na hakuna mtoto pale aliyekuwa anaumwa hata jino. Nisimamisheni. Lakini huyu mwacheni, mimi ndiye nilimfundisha hayo maneno."

Wakamsimamisha miezi sita. Kwaya ya makambi akapewa Bonareri, ambaye huanza wimbo juu sana mpaka wanaume wote wanakohoa.

Njiani Mama Ronny alitembea mbele kama anayefukuza kuku. Christabel alimfuata akisema pole, kisha akasema asante.

"Hilo neno usinitajie tena," Mama Ronny akasema bila kugeuka.

Alifika kwake, akaingia, tukasikia sufuria zikigongana. Christabel alibaki amesimama nje ya mlango na viatu vyake vyenye matope, hajui aende kwake au abaki. Mimi pia nilibaki. Harufu ya chinsaga ilitoka, ile mboga chungu ya kienyeji, ya kuchemshwa na maziwa tangu jana. Kisha mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Nimekukasirikia, Mwalimu, na nitakukasirikia mpaka makambi yaishe," alisema. "Ingia ule."