Shukri Hana Mwaka

Tangu Jumanne kazi ya kukaa chini ilinishinda. Nikikaa, naona sufuria haikusuguliwa vizuri, nainuka. Nikimaliza kusugua, nakumbuka kuku hawajatiliwa maji, natoka. Mzee wangu Kipngeno akanitazama nikipita mbele yake mara ya nne.

"Mama, kwani umekalia siafu?"

"Nimempa mtu neno langu," nikamwambia, "na sasa natumwa nikalichukue tena."

Akasogeza kigoda chake kunipisha mlangoni, asiniulize zaidi. Kwake huo ni upole mkubwa.

Nilikuwa metroni wa shule ya wasichana hapa Molo kwa miaka ishirini na saba. Nimefunga kamba za viatu, nimepaka mafuta midomo iliyopasuka kwa baridi, nimekaa na wasichana waliolia bila kusema kwa nini. Nilipostaafu nilidhani nimemaliza. Lakini mwaka huu shule ikaanza kuchangisha pesa za bweni jipya, maana paa la lile la zamani linavuja na baridi ya huku haimhurumii mtoto. Wakamwajiri binti anayeitwa Chemutai awe afisa wa wanafunzi wa zamani. Wakampa meza ndani ya iliyokuwa stoo ya chaki, wakampa simu na orodha ya majina.

Baada ya wiki mbili akaja nyumbani kwangu, uso umemshuka.

"Metroni, hawashiki simu. Wakiona namba ya shule wanajua ni mchango. Wengine wananiambia wako mkutanoni, na mimi nasikia ng'ombe nyuma."

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Wewe wakikusikia hawatakata."

Basi nikawa naenda asubuhi tatu kwa wiki. Chemutai aliniwekea mto juu ya kiti kwa sababu aliniona nikishika kiuno, na hakusema kitu, aliuweka tu. Kazi yangu ilikuwa kuanza mazungumzo. Nauliza mama yako anaendeleaje, watoto wangapi, kile kifua kilipona? Halafu nampa Chemutai simu, yeye anaingia na habari za bweni.

Kuna mmoja wa Nakuru, Mansi, mwenye duka la mabati. Aliposikia sauti yangu akapiga kelele. "Metroni! Bado unapekua masanduku?"

"Napekua. Wewe ulikuwa unaficha achari ndani ya soksi."

"Soksi safi lakini!"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema mabati ya bweni aachiwe yeye.

Siku ile Chemutai akaniuliza kama kuna mtu ninayemkumbuka ambaye hayuko kwenye orodha. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema yuko, Shukri Jalal, mtoto wa duka la vitambaa kule Nakuru. Mansi, aliyesoma naye darasa moja, akatupa namba, nami nikapiga.

"Hujambo, mwanangu. Ni Metroni."

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Metroni wa Molo? Metroni, nimengoja mtu wa shule anipigie miaka ishirini na sita."

Shukri aliondoka kidato cha tatu, muhula wa pili. Baba yake alipooza upande mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwao. Alikuja kuchukua sanduku akiwa amevaa sare, akalitoa nje polepole asiwaamshe wenzake waliokuwa wagonjwa. Nakumbuka hivyo. Sasa akaniambia ana maduka mawili, na hakungoja Chemutai aombe. Akasema bweni likiisha mashuka yote na mapazia yote atatoa yeye. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli kuna siku ya kukutana.

"Kuna. Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila darasa linaitwa kwa mwaka wake, mnapita uwanjani pamoja mmevaa sweta za maruni za chama cha wanafunzi wa zamani, mwaka wenu umeandikwa mgongoni."

"Na yangu itaandikwa nini?"

"Tisini na tisa, kama wenzako. Ingeandikwa nini tena?"

Hilo ndilo neno nililotoa. Nilitoa kama mtu anayetoa kitu chake, kumbe si changu.

Jumanne kamati ya chama ikakaa. Mwenyekiti ni Jepleting, wakili, naye ni wa mwaka huohuo wa tisini na tisa. Chemutai akasoma majina ya sweta. Alipofika kwa Shukri, Jepleting akaweka kalamu chini.

"Huyo hakufanya mtihani wa kidato cha nne."

Nikasema, "Lakini alilala hapa miaka miwili na zaidi."

"Metroni, katiba ya chama inasema mwanachama ni aliyefanya mtihani hapa. Tuliiweka hivyo kwa sababu ya watu waliokuja kudai walisoma hapa ili wapate zabuni. Nikimpitisha huyu, kesho nitamzuia nani?" Hakupandisha sauti. Hata alinijazia kikombe changu chai akisema. "Aje kama mgeni mwalikwa. Akae kwenye hema la wageni. Mchango wake tutautangaza kwa heshima."

"Hema la wageni," nikasema.

"Wewe ndiye uliyemwalika. Nakuomba umweleze wewe."

Nikamtazama. Jepleting ninamjua tangu ana miaka kumi na minne. Akiumia huwa anakaa wima sana, na siku ile alikaa wima kama ubao.

Jumatano nilijaribu kupiga simu mara tatu nikaiweka. Maneno kama hayo hayapiti vizuri kwenye simu. Alhamisi nikavaa koti, nikateremka Nakuru.

Duka la Shukri limejaa vitambaa hadi darini. Aliponiona aliacha mteja, akanishika mikono miwili, akanikalisha karibu na jua. Chai ya iliki ikaja kabla sijavua kitambaa kichwani. Nikagundua ameagiza ya kwangu bila sukari. Alikumbuka tangu wakati ule nilipokuwa nikikataa sukari ya shule. Nikakiweka kikombe, nikakichukua, nikakiweka tena.

"Shukri, nimekuja na jambo baya. Nilikuahidi sweta. Chama kinasema hutaipata, kwa sababu hukufanya mtihani. Utakaa na wageni. Kosa ni langu, niliahidi kabla sijauliza."

Alikunja kitambaa kilichokuwa mkononi. Akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kitabu.

"Nani amesema?"

"Kamati."

"Metroni. Nani?"

"Jepleting."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia. "Ana haki. Yeye ana haki kuliko wote."

Ndipo akanieleza jambo ambalo mimi, na macho yangu yote ya kupekua masanduku, sikuwahi kulijua. Shukri alipoondoka shuleni, Jepleting alimnakilia masomo. Kila somo, kwa mkono, baada ya kuandika yake. Kila Ijumaa alimpa dereva wa lori la viazi aliyekuwa akipita Nakuru kwenda sokoni, naye aliyashusha pale dukani bila kutaka chochote. Mwaka mzima na zaidi. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikubali kumsajili Shukri ili aje afanye mtihani na wenzake. Dawati liliwekwa, na namba yake ikabandikwa.

"Na kwa nini hukuja?"

"Karatasi zilikuwa zimeisha." Aliona sikuelewa. "Nilikuwa naziweka chini ya kaunta, nizisome mwezi wa mwisho, kazi ikipungua. Baba alikuwa anakaa pale siku nzima na mkono mmoja. Kiingereza hakujua kusoma. Aliona karatasi nyingi zimeandikwa pande zote mbili, akadhani ni takataka za shule. Akawa anazitumia kufungia wateja vifungo. Uzi. Sindano. Siku nilipoinama kuzichukua, zilibaki kurasa sita."

"Ulimwambia baba yako?"

"Aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia jino. Alikuwa amefurahi kwamba ana kazi anayoweza kuifanya kwa mkono mmoja. Ningemwambiaje?" Akafuta kaunta, ingawa ilikuwa safi. "Na Jepleting ningemwambiaje? Kwamba mwandiko wako wa mwaka mzima umefungia watu vifungo? Sikumwambia chochote. Sikuja, sikuandika. Yeye atakuwa amejua tu kwamba nilimdharau."

"Niruhusu nimweleze."

"Hapana, Metroni. Hiyo ni yangu."

"Basi utakuja Jumamosi?"

"Sijui."

"Na mashuka?" Niliona aibu kuuliza, lakini Chemutai alikuwa na wasiwasi, na yule binti ajira yake ni ya miezi sita tu.

Hapo Shukri akanitazama kwa ukali kidogo. "Mashuka ni ya watoto wanaoona baridi. Hayana ugomvi na mtu."

Nilirudi Molo na siri ya mtu tumboni, nayo ilinisumbua kuliko ile habari niliyoipeleka. Ijumaa nilikutana na Jepleting langoni akisimamia watu wa mahema. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikasema hema lile limeinama. Mara ya pili nikamuuliza mguu wa mama yake.

"Metroni, uko sawa?" akauliza.

"Niko sawa."

Alinivulia skafu yake akanifunga shingoni, kwa sababu upepo ulikuwa mkali, akaendelea na kazi. Mtu wa namna hiyo, na mimi nimemfichia jambo lake.

Jumamosi watu walijaa. Chemutai alishika kipaza sauti, akaanza kuita miaka. Wa mwaka wa sabini na nane wakapita, wanawake wanane na fimbo tatu, tukawapigia makofi sana. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya uwanja na hema la wageni, nikitazama lango. Nikatembea hadi kwenye matangi ya maji, nikarudi. Themanini na tano. Tisini na mbili. Hema la wageni lilikuwa na mchungaji, chifu, na mzee Joginder, aliyejenga jiko la shule zamani. Shukri hakuwepo.

Walipoitwa tisini na nane, akaingia. Hakuvaa maruni kama wengine. Alivaa baibui ya kawaida na mtandio wa kijivu, akapita pembeni kabisa, akaketi kiti cha mwisho cha hema la wageni. Mikono aliiweka magotini kama msichana anayengoja kuitwa ofisini.

"Mwaka wa tisini na tisa!" Chemutai akaita.

Wakaanza kupita, Jepleting mbele. Mansi akamwona Shukri, akapunga mkono. Jepleting akageuka kuona Mansi anampungia nani. Akasimama. Aliyekuwa nyuma yake nusura amkanyage.

"Endeleeni," akawaambia. Akatoka kwenye mstari wake, akakata uwanja na sweta yake ya namba, akaingia hema la wageni. Mzee Joginder akasogea kiti kimoja bila kuambiwa. Jepleting akaketi pale, macho mbele, wima kama ubao.

Nilisogea. Sikuweza kujizuia.

"Mtihani ulikuwa wiki tatu," Jepleting akasema bila kumtazama. "Dawati lako lilikuwa mbele yangu. Wiki tatu natazama kiti kitupu. Nilidhani umekufa. Halafu nikasikia uko dukani, mzima, unauza. Nikasema afadhali ungekufa, Mungu anisamehe."

"Nilistahili."

"Sitaki ustahili! Nataka kujua ulikuwa wapi."

Shukri akamweleza. Hakupamba. Alisema kaunta, mkono mmoja, vifungo, jino. Jepleting alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nisijue kama ni kicheko au kilio.

"Zote?"

"Zilibaki sita."

"Hata Bayolojia? Shukri, ule moyo niliuchora kwa rangi mbili! Niliazima kalamu nyekundu kwa mwalimu!"

"Moyo ulifungia zipu. Za suruali. Mteja alirudi akasema karatasi yenu nzuri, mna nyingine?"

Jepleting akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Chifu akageuka kuona nini kimetokea. Wenzao wa tisini na tisa walikuwa wamefika mwisho wa uwanja bila mwenyekiti wao, wakasimama hawajui warudi au wakae, na Chemutai alikuwa ameshaita mwaka wa elfu mbili.

"Na baba?" Jepleting akauliza.

"Alikufa hajui."

"Vizuri." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Vizuri ulivyofanya. Lakini sheria siwezi kuivunja mimi. Mkutano mkuu ni Desemba. Lazima mtu alete hoja, tupige kura."

"Nitaletaje hoja, na mimi si mwanachama?"

"Ati utaletaje! Nitaleta mimi. Wewe utakuja usimame pale mbele, uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza."

"Mbele ya watu wote? Habari za zipu?"

"Hasa habari za zipu."

"Jepleting, nitafedheheka."

"Utafedheheka kidogo," Jepleting akasema, akavuta kiti chake karibu zaidi. "Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo."