Maji Baridi

Akiwa na kopo la kumwagilia mkononi, Mama Kopo aliokota majani yaliyodondoka, akayasokomeza mfukoni mwa aproni kabla bwana shamba hajaingia kitaluni. Kila akiinama, mengine yanaanguka nyuma yake. Majani ya chini ya miche ya nyanya yalikuwa yameungua ncha, kama yamepitiwa na pasi.

"Shemeji, umeipa nini hii miche?" fundi pampu akanong'ona. Alikuwa mume wa dada yake. Ndiye aliyemwombea kibarua hiki, tena kwa kumdhamini.

"Si bosi alisema maji baridi? Wiki nzima nachota tangi la kivulini. La juani maji yake ya moto."

Fundi akashika kichwa. "Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! La kivulini ndilo la chumvi, la majaribio. Umetumaliza, shemeji!"

Alikokulia, maji baridi ni ya kukata kiu, basi. Aliogopa, tena aliogopa hasa, kwa kuwa yeye na wanawe walilala sebuleni kwa dada, wakila mshahara wa huyuhuyu fundi.

Bwana shamba akaingia, akachuchumaa. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mzizi umejitahidi kuizuia chumvi isipite," alisema. "Ilipozidi, mche umeirundika kwenye majani ya chini, ukayaangusha. Vichipukizi vimesalimika."

"Kwa hiyo itapona, bosi?" Mama Kopo akauliza.

"Itapona. Ila mkurugenzi yuko getini, atataka kujua nani kakosea." Akawageukia. "Mimi nilisema maji matamu. Au siyo, fundi?"

Fundi alikuwepo siku ile, na masikio anayo: bosi alisema baridi. Akaitazama spana mkononi, akaanza kuifuta kwa shati.

Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Lakini umpishe uende wapi, naye kasimama mlangoni? Mama Kopo aliona jasho likimtiririka shemeji yake shingoni. Akimbishia bosi, watafukuzwa wote wawili, na nyumba nzima italala njaa.

Mkurugenzi akaingia. "Kuna nini hapa?"

"Alisema matamu," Mama Kopo akawahi. "Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Fundi akainamisha uso.

"Afadhali mtu mkweli," bwana shamba akasema, akishusha pumzi. Akampokonya Mama Kopo kopo lake la kazi, kisha akamshika mkurugenzi mkono, akamwonyesha vichipukizi.