Uji wa Baridi

Mwezi wa saba hapa Tumati watu hawaamki, wanajing'oa kitandani. Mimi nilizaliwa Ifakara, kwenye joto na mpunga, na pamoja na miaka yote niliyofundisha huku juu, bado sijazoea kuvaa koti kwenda jikoni. Kuni zinalala na umande. Unapuliza mpaka machozi yanatoka, moshi unakufuata wewe tu, na kengele ya shule haimsubiri mtu. Nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema ili nisitafutiwe sababu nyingine.

Tena si baridi tu iliyonichosha. Ni uji.

Baba mkwe alipofariki, baada tu ya Pasaka, mume wangu Renatus alimleta mama yake, Mama Marieta, akae nasi. Ng'ombe wake mmoja alikuja naye, tukamjengea zizi nyuma ya nyumba. Kisha Renatus akapanda lori lake la vitunguu saumu akaenda zake, kama kawaida yake, ameniachia agizo moja: nihakikishe mama anakula. Maana mama alikuwa hali. Ugali anaumega, anauviringisha vidoleni, anaurudisha kwenye sahani. Uji ndio alikuwa anaugusa kidogo, asubuhi. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana kwenye gauni.

Dada yake Renatus, Genoveva, aliyeolewa Masakta kule Hanang, alishasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo atakuja kumchukua. Na mama hakutaka kwenda Masakta. Kaburi la mumewe liko ng'ambo ya mlima tu kutoka kwetu, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anapita pale kung'oa majani. Aliniambia mara moja, bila kuniangalia: "Mimi nikienda Masakta, nitazikwa Masakta."

Basi nikaingia vitani na uji.

Nilianza na uji wa lishe, ule wa mahindi, soya, karanga na ulezi uliosagwa pamoja. Alikunywa vijiko viwili. "Asante, mwalimu. Nimeshiba." Nikapika ulezi mtupu, mwepesi, nikaukamulia limau na kutia sukari kama wanavyopikiwa wanawake waliotoka kujifungua. Vijiko viwili. Nikapika wa mahindi kwa maziwa mgando, akaunusa, akashukuru. Nikaponda ndizi mbivu ndani, jambo la kumfanyia mtoto mchanga, lakini aibu ilikuwa imeshaniisha. Siku moja nikaagiza nazi kutoka Babati nikapika uji wa mchele kwa tui na hiliki, ule wa mama yangu. Huo niliunywa mwenyewe nimesimama mlangoni, nikalia kidogo kwa kukumbuka kwetu, nikachelewa shule. Yeye alisema unanukia vizuri.

"Asante, mwalimu. Nimeshiba."

Jamani, mtu mzima anashibaje kwa vijiko viwili? Kuna asubuhi nilitamani kurusha mwiko ukutani. Kila siku nampelekea sebuleni, kwenye kiti cha kitambaa, kikombe juu ya sinia na kifuniko chake, napiga goti, naondoka mbio. Heshima zote nilimpa. Muda wa kukaa naye ndio sikuwa nao.

Nikampigia Renatus. Alikuwa njiani, sauti inakatika. "Si umuulize anataka uji gani," akasema, simu ikakata. Akili ya ajabu hiyo. Lakini kweli, nilikuwa sijamuuliza.

Kesho yake nikaenda mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeamka?"

"Nimeamka. Mama, niambie tu ukweli. Roho yako inataka uji gani?"

Akafikiri. Akavuta shuka mabegani.

"Ule uji wa baridi," akasema. "Kama unaweza. Lakini usijisumbue."

Uji wa baridi! Mbona ni kitu rahisi hivyo! Kwetu Ifakara, msimu wa joto, mama alikuwa anapika uji jioni, unalala kwenye sufuria, asubuhi tunaunywa vilevile, umeshika utando juu, na koo linaburudika. Nilicheka peke yangu. Kumbe mwenzangu ana hamu ya uji uliolala, na mimi nahangaika na kuni! Jioni nikaupika, nikaufunika, nikauweka dirishani. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika hata zizi. Nikamimina kikombe, nikapiga goti, nikampa. Moto sikuwasha. Nilikuwa nimelala zaidi kidogo siku hiyo, na usingizi ule, Mungu anisamehe, ulikuwa mtamu.

Mama alikizungushia kikombe viganja vyote viwili. Akaniangalia usoni kwa muda. Kisha akanywa, akanywa tena, mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Nimesikia, mwalimu," akasema.

Nikajua amesikia utamu. Nilikwenda shule naimba. Asubuhi ya pili akamaliza kikombe, na ya tatu akamaliza. Nikawatangazia walimu wenzangu ofisini. Nikamtumia Renatus ujumbe: mama anakula, msiba umeanza kumtoka, dada yako asijisumbue.

Jumamosi asubuhi gari aina ya Noah lilisimama nje. Genoveva akashuka, uso umekunjwa. Nikatoka kumpokea, ndipo nikamwona mama. Alikuwa amekaa nje ya mlango juu ya furushi lake la kitenge, viatu miguuni, na fimbo ya marehemu mapajani.

"Wifi, karibu. Habari za Masakta?"

"Ungesema kwa mdomo," Genoveva akasema. "Mimi ningekuja tu. Lakini mama yangu, mwezi huu wa saba, unampa uji wa baridi? Mpaka anapiga simu usiku anasema nije, mwenye nyumba ameshamwambia aondoke?"

"Nani amemwambia aondoke?"

"Kwetu mgeni ukimpa chakula kilichopoa umemwonyesha njia. Hata mtoto anajua."

Nikamgeukia mama.

"Mama, nilikuuliza uji gani, ukasema wa baridi! Kwa mdomo wako!"

Genoveva akageuka. Akamwangalia mama yake.

"Wifi," akasema polepole, hasira yote imemtoka, "uji wa baridi ni uji wa wakati wa baridi. Wa mtama. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe unayatia, na chumvi, unaunywa ukiwa moto kabisa. Baba ndiye alikuwa anaupika, miezi hii. Anakamua, anapika mwenyewe, wanakaa na mama jikoni kwenye moto wanakunywa wawili. Sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa."

Kumbe. Mama alikuwa anaangalia chini, anasugua fimbo kwa kidole gumba.

"Nilikunywa wote ili usirudie kusema," akasema. "Mwalimu ana kazi nyingi. Nikaona amechoka na mimi. Si umechoka?"

Ningeweza kukataa. Lakini mwanamke yule alikuwa ameniona kila asubuhi ninavyogeuka kabla hajameza.

"Nimechoka, mama," nikasema. "Nimechoka sana. Ila sijakufukuza. Sijakufukuza!"

Na hapo nikalia, mbele ya wifi na mbele ya dereva, na sikujali.

Kisha nikachukua kibuyu nikaenda zizini. Kukamua najua vibaya. Ng'ombe alinipiga mkia usoni nikavumilia. Kuni zilikuwa mbichi kama kawaida. Nikapuliza. Genoveva alitaka kunisaidia, nikamwambia akae. Nilikuwa nakoroga mtama wakati mama alipoingia jikoni na fimbo yake, akavuta kigoda, akakaa karibu na mafiga. Hakuwahi kuingia jikoni kwangu. Nami sikuwahi kumkaribisha.

"Chumvi kidogo," akasema. "Haya. Na wewe kaa."

Nikakaa chini, koti na vyote. Nikamimina kikombe kimoja. Akakipuliza, akanywa, akafumba macho. Akanipa. Niliunguza ulimi. Akakichukua tena.

Nje honi ikalia. Dereva, kijana anayeitwa Yona, akachungulia mlangoni.

"Shikamooni. Mama, twende basi. Kuna abiria wananisubiri Dongobesh."

Mama hakugeuka. Alinyoosha kikombe nikamwongezea.

"Subiri, baba," akasema. "Nyumba hii mimi natoka uji ukipoa."

Yona akaangalia sufuria. Mimi nikachukua gogo kubwa kuliko yote, lile nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya Jumapili, nikalisukuma chini ya mafiga.