Koti la Zambarau la Tukiman

Kitendawili! Ninalo vazi, naoga nalo, nalala nalo, silivui hadi siku ya kuzikwa. Mmesema ngozi. Haya, mmepata, siombi mji. Lakini mtaani kwetu Semarang, Indonesia, kwa Tukiman jibu lilikuwa koti.

Tukiman aliendesha pikipiki, akipeleka vyakula majumbani kila simu ilipomwamuru. Koti la zambarau la kampuni alilinunua siku ya kwanza. Mwaka wa tatu zipu ilikataa kufunguka. Mkewe, Lastri, alilikata kidogo kwapani ili amsugue, damu ikatoka. Akaacha mkasi, akamsugua juu juu. Wenzake kijiweni walimtania, "Bahati yako, Man! Sisi bado tunafua."

Wakati wa mvua za Januari lori lilimgonga, mguu ukavunjika. Daktari alisema mfupa unataka chuma, la sivyo utaunga kombo. Bima ya wafanyakazi ingelipa, ila kampuni ilisema Tukiman si mfanyakazi, ni mshirika.

Lastri akamkokota hadi ofisi ya kazi. Afisa, Bu Endang, yaani Bi Endang, mama mpole, alilifinya koti.

"Aduh!" Tukiman akalia.

"Si unaona, Bu?" alisema Lastri. "Amevaa la kwao. Ni mtu wao huyu."

"Lingekuwa sare, ningekubali. Lakini hili linatoka damu, mama. Ni ngozi yake, na ngozi ni mali ya mwenyewe."

"Kwa hiyo mguu uoze?"

"Sheria ilitungwa enzi watu wakiingia kazini kwa geti la kiwanda. Inarekebishwa, kamati inakaa." Akamgeukia Tukiman. "Nisaidie, Pak Tukiman. Mwajiri wako nani?"

Tukiman alitazama sakafu. Kwetu mtu hamwaibishi mwenye ofisi ndani ya ofisi yake. Wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Mfupa uliunga kombo. Wiki moja baada ya Idi, Lastri akikaanga tempe ya soya, simu ililia. Kabla Tukiman hajaamua lolote, mkono wa koti uliinuka, ukabonyeza kukubali, na koti zima likamsimamisha. Lastri alipunguza moto, akaja kumfunga helmeti.

"Hebu niambie mimi, baba watoto. Yule mama alikuuliza ukamjibu kwa kutazama sakafu. Mwajiri wako nani hasa?"

Koti lilikuwa limeshamkalisha kwenye pikipiki, mguu mbovu ukining'inia.

"Mimi mwenyewe," alisema Tukiman.