Machozi ya Mzee Kobia

Jumapili baada ya ibada, Gatwiri alikaa sebuleni kwao Kinoru akimtazama baba yake akililia filamu. Kwenye televisheni, kiumbe wa kijani mwenye macho matatu alikuwa amesimama nje ya nyumba ya msichana wa duniani aliyempenda, na wazazi wa msichana walikuwa wamemfungia mlango.

"Watu wengine hawana utu," alisema Mzee Kobia akipangusa macho. "Kijana wa watu ametoka nyota ya mbali. Kosa lake ni nini?"

Jumamosi iliyopita mpenzi wa Gatwiri, Ireri, alikuja na wazee wake kutoka Kiambere. Ireri ni Mmbeere, na alikuwa ameuliza huku na huku mpaka akajua jinsi Wameru, watu wa kina Gatwiri, wanavyofunga miraa ya posa kwa majani ya mgomba. Baba hakuifungua. Aliwaambia wageni kwamba binti yake haolewi na watu wa muguka, yale majani ya Wambeere aliyoyaona duni kuliko miraa, na walipoondoka akawatupia mbuzi ile miraa. Hata chai hawakupewa.

Sasa anamlilia mtu wa kijani.

Gatwiri aliinuka akazima televisheni.

"Washa," baba alisema. "Nataka kujua kama walimfungulia."

"Hawakumfungulia, Baba," Gatwiri alisema, akichukua mkoba wake. "Walisikia kwao ni Kiambere."